"Kuboresha" si Istilahi: Maoni juu ya Lugha ya Mipango ya Miundombinu ya Jiji

Utangulizi

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na humalizika tarehe 30 Juni. Kabla mwaka huo haujaanza, kila halmashauri hupaswa kuwa imekwisha kupanga kazi zake na kukadiria fedha zake. Kwa jiji kama Dar es Salaam, sehemu kubwa ya mpango huo huhusu vitu ambavyo mwananchi huviona kwa macho na kuvikanyaga kwa miguu: barabara, mitaro, madaraja, taa za barabarani, masoko, stendi na vyoo vya umma. Vitu hivyo vyote kwa pamoja huitwa miundombinu.

Mpango huo huandikwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kujivunia. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Hata hivyo, waraka kuandikwa kwa Kiswahili ni jambo moja, na kueleweka kwa wasemaji wa Kiswahili ni jambo jingine.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza lugha ya mipango hiyo kwa jicho la istilahi. Hatukusudii kuihukumu halmashauri yoyote, wala hatukuchukua waraka wa ofisi moja ili tuupekue makosa. Tunachunguza mtindo ulioenea, na sentensi za mfano tumezitunga wenyewe kwa kuufuata mtindo huo. Dai letu ni moja: neno linaloitawala mipango hii, yaani kuboresha, si istilahi, na ahadi iliyoandikwa bila istilahi haiwezi kudaiwa.

Neno "kuboresha"

Tuanze na sentensi hii: "Kuboresha miundombinu ya barabara katika kata 5 ifikapo Juni." Kisarufi sentensi hii haina kasoro yoyote, na sikioni inapendeza. Lakini mkazi wa mojawapo ya kata hizo akitaka kujua kitakachotendeka mbele ya nyumba yake, haimwambii kitu. Je, mashimo yatazibwa? Barabara itachongwa kwa greda? Itamwagiwa changarawe? Itawekwa lami? Sentensi inayakubali majibu yote manne. Ifikapo Juni, iwapo greda limepita mara moja tu, mwandishi wa taarifa ataandika kwa haki kabisa kwamba miundombinu ya barabara imeboreshwa. Mwandishi huyo hatakuwa amesema uongo. Mkazi aliyekuwa akitarajia lami naye hatakuwa amekosea. Neno moja limebebeshwa maana mbili, na ugomvi wao hauna mwamuzi.

Tukilitazama umbo la neno hili tutaiona asili ya tatizo. Kuboresha limetokana na bora, likaongezewa kiambishi cha usababishi. Bora ni neno la kulinganisha. Kitu hakiwi bora peke yake, bali huwa bora kuliko kingine, au bora kuliko kilivyokuwa jana. Kwa hiyo anayesema ataboresha barabara anapaswa kutaja mambo mawili: barabara ilivyo sasa, na itakavyokuwa baadaye. Mipango yetu aghalabu huacha yote mawili. Mizani inawekwa mezani bila ya mawe, kisha tunaambiwa kwamba mzigo umepimwa.

Kasoro nyingine ni ya mtenda. Vitenzi vya mipango hupenda kauli ya kutendwa, na nomino zake hupenda kiambishi u-: barabara zitaboreshwa, uboreshaji utafanyika. Nani atakayeboresha? Katika Jiji la Dar es Salaam swali hili si la kisarufi tu. Barabara kuu na barabara za mkoa zi chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000. Barabara za wilaya, zikiwemo zile za mitaani, zi chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Majisafi na majitaka yana mamlaka yake. Masoko na uzoaji wa taka ni kazi za halmashauri. Mtaro ukiziba pale barabara ya mtaa inapokutana na barabara kuu, mkazi aliyesoma kwamba "mitaro itaboreshwa" hajui abishe hodi katika mlango upi. Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na kila ofisi ina haki ya kudhani kwamba anayetajwa ni jirani yake.

Neno "miundombinu"

Kuboresha halitembei peke yake, bali huandamana na miundombinu. Kwa sura yake, neno hili limeunganisha miundo na mbinu. Miundo inaeleweka, lakini mbinu, kama tuijuavyo, ni njia au ujanja wa kutenda jambo, wala si bomba, si daraja. Wenzetu wa Kenya husema miundomsingi, na twakiri kwamba neno lao linajieleza vizuri zaidi, kwa kuwa msingi ni kile kinachobeba vingine. Hata hivyo hatupendekezi neno letu livunjwe. Limekwisha kuingia katika sheria, katika majina ya wizara na katika vinywa vya watu; na neno lililokubalika halitenguliwi kwa sababu tu kwamba wazazi wake hawakufanana.

Shida yetu ni kwamba neno hili limepanuka mno. Siku hizi twasikia miundombinu ya elimu, ambayo ni madarasa na vyoo; miundombinu ya afya, ambayo ni zahanati na wodi; miundombinu ya michezo, ambayo ni viwanja. Neno lilikusudiwa kuwa jina la jumla, kama vile mnyama lilivyo jina la jumla la ng'ombe na mbuzi. Lakini hakuna mfugaji aendaye mnadani kununua "mnyama". Katika mpango wa mwaka jina la jumla lafaa kuwa kichwa cha sura. Ndani ya sura hiyo kila kitu kiitwe kwa jina lake. Kuboresha miundombinu ni ukungu juu ya ukungu: kitenzi hakisemi kazi, na nomino haisemi kitu.

Istilahi tunazo

Huenda msomaji akadhani kwamba tatizo hili linatokana na umaskini wa lugha. Sivyo. Istilahi za kazi hizi zipo, na baadhi yake ni nzuri mno. Hotuba za bajeti za wizara inayoshughulikia ujenzi kwa miaka mingi zimeyagawa matengenezo ya barabara katika mafungu yanayoeleweka: matengenezo ya kawaida, matengenezo ya muda maalumu, matengenezo ya sehemu korofi, na matengenezo ya madaraja. Matengenezo ya kawaida ni kufyeka majani, kuzibua mitaro, kuziba mashimo na kuchonga. Ya muda maalumu ni kurudishia tabaka la changarawe au la lami lililochakaa baada ya miaka kadhaa. Ya sehemu korofi ni kuzishughulikia zile sehemu fupi zenye tope au mmomonyoko, ambazo kwa ajili yake barabara nzima haipitiki.

Tunaomba msomaji alitazame neno sehemu korofi. Ukorofi ni tabia ya mtu asiyeelewana na wenzake. Aliyeihamishia sifa hiyo kwenye kipande cha barabara alitazama namna gari linavyokwama hapo, akaita kwa neno ambalo dereva, utingo na abiria wote wanalielewa. Hakuna kamati iliyoweza kutunga vizuri zaidi. Kadhalika neno kupitika. Mkazi akiambiwa kwamba barabara itapitika mwaka mzima amepewa kipimo: mvua za masika zikinyesha atakwenda kutazama mwenyewe.

Mfano mwingine ni miradi viporo. Kiporo ni chakula kilichobaki kwa ajili ya kesho; mradi kiporo ni ule ambao mwaka wake wa fedha umekwisha nao haujakamilika. Wapo wanaoliona neno hili kuwa la mzaha, lisilostahili kuingia katika waraka rasmi. Sisi tunaona kinyume chake. Lina ukweli ambao maneno ya heshima zaidi hayana. Taarifa ikisema kwamba mradi "upo katika hatua mbalimbali za utekelezaji", msomaji hajui kama kazi imeanza. Ikisema ni kiporo, anajua kwamba kilipikwa, hakikuisha, na kikichelewa kitachacha.

Kwa hiyo istilahi tunazo, lakini hazifuatani na mpango hadi mwisho wa safari yake. Mhandisi huzitumia katika jedwali lake la kazi. Jedwali hilo likifupishwa kwa ajili ya kikao, kisha likafupishwa tena kwa ajili ya mbao za matangazo za kata na mtaa, matengenezo ya kawaida na ujenzi wa lami humezwa pamoja na neno kuboresha. Mwananchi, ambaye ndiye anayengoja kazi hiyo, hufikiwa na lugha iliyokwisha kunyonywa maana.

Maneno yenye maana mbili

Yapo pia maneno ambayo yana maana thabiti, lakini maana ya ofisini si ile ya mtaani. Tutataja manne.

Kwanza, mfereji. Kwa wasemaji wengi wa bara, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Kwa wasemaji wengi wa pwani na visiwani, mfereji ni bomba la maji ya kunywa. Mpango ukisema "kujenga mifereji", yupo atakayetarajia maji kuingia na yupo atakayetarajia maji kutoka. Mtaro halina utata huo.

Pili, usafi wa mazingira. Mamlaka ya maji ya Dar es Salaam jina lake rasmi ni Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira. Humo, usafi wa mazingira maana yake hasa ni kuyaondoa majitaka na kuyasafisha. Lakini mtaani, usafi wa mazingira ni kufagia, kufyeka na kuzoa taka. Mkazi ambaye shimo la choo chake limefurika hana sababu ya kudhani kwamba fungu la "usafi wa mazingira" linamhusu. Tofauti hii ina uzito wa pekee katika jiji ambalo majitaka ya baadhi ya nyumba huingia katika mitaro ya maji ya mvua, na mvua kubwa zikinyesha bonde la Msimbazi hufurika na maji hayo huingia majumbani.

Tatu, kupandisha hadhi. Fundi akilisema, huenda ana maana ya kuigeuza barabara ya udongo kuwa ya changarawe, au ya changarawe kuwa ya lami. Ofisa akilisema, huenda ana maana ya kuihamisha barabara kutoka daraja la wilaya kwenda daraja la mkoa, jambo ambalo hufanyika kwenye karatasi. Mkutano unaweza kushangilia kwamba barabara "imepandishwa hadhi", kisha masika yakaikuta na tope lile lile.

Nne, hifadhi ya barabara. Kwa Mtanzania wa kawaida hifadhi ni Serengeti au Mikumi. Hifadhi ya barabara ni ukanda wa ardhi kandokando ya barabara uliotengwa kwa ajili yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliupanua ukanda huo, kwa barabara kuu na za mkoa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mita hizo 7.5 zilikuwa na nyumba za watu. Ndipo zilipoonekana kutani alama za X za rangi mbili: ya kijani kwa aliyestahili fidia, na nyekundu kwa asiyestahili. Wananchi waliieleza tofauti hiyo kwa maneno yao wenyewe: kuna walioifuata barabara, na kuna waliofuatwa na barabara. Kwa maoni yetu, maelezo hayo ni mafupi na sahihi kuliko mengi yaliyoandikwa na wataalamu. Mwaka 2017, nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kibaha zilipobomolewa, mabishano kuhusu upana wa hifadhi yalifika mahakamani. Hatudai kwamba istilahi ingeziokoa nyumba hizo. Tunachosema ni kwamba neno linaloweza kumwondoa mtu katika nyumba yake halifai kuandikwa katika mpango bila kipimo chake kwa mita.

Hoja za upande wa pili

Tumewahi kuelezwa kwamba lugha ya jumla ni ya lazima kwa sababu fedha hazina hakika. Anayeandika "lami" na fedha zisipatikane ataitwa mwongo. Hoja hii ni ya haki, nasi hatuipuuzi. Lakini dawa ya shaka ni kuitaja shaka yenyewe. Mpango waweza kusema: kazi hii itafanyika, na ile itafanyika fedha zikipatikana. Mwananchi anayeijua hali ya mfuko wa nyumba yake anaielewa sana lugha hiyo.

Wengine husema kwamba istilahi za kihandisi zitamchosha msomaji. Twajibu kwamba hakuna anayechoshwa na habari za barabara ya mlangoni kwake. Watu wa mtaani wanajua tofauti ya lami nyepesi na lami nzito, kwa maana wameiona ile ya kwanza ikibanduka. Ni mpango unaotosheka na maneno "kwa kiwango cha lami", kana kwamba tabaka jembamba la lami na kokoto ni sawa na tabaka nene lililopikwa mtamboni.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa waandishi wa mipango ya mwaka:

1. Kuboresha litumike katika vichwa vya sura na katika madhumuni tu. Lisitumike kuwa jina la kazi itakayogharimiwa.

2. Majina ya kazi za barabara yawe haya: kuziba mashimo, kuchonga, kuweka changarawe, kurudishia changarawe, kuweka lami nyepesi, kuweka lami nzito, kutengeneza sehemu korofi.

3. Ukarabati litumike pale kitu kilichoharibika kinaporudishwa katika hali yake ya kwanza, na ujenzi pale ambapo kitu hakikuwapo.

4. Kupandisha hadhi libaki na maana ya kubadili daraja la barabara kisheria.

5. Mtaro litumike kwa njia ya maji ya mvua. Bomba la majitaka kwa majitaka. Na bomba la majisafi kwa maji ya kunywa.

6. Kalvati liandikwe hivyo mahali pote. Kwa sasa huandikwa pia kalavati na karavati, hata katika ukurasa mmoja.

7. Kiporo likubaliwe kuwa istilahi rasmi ya mradi ambao mwaka wake wa fedha umekwisha nao haujakamilika.

8. Kila kazi itajwe pamoja na mtenda, mahali, kipimo na tarehe.

Tukiyafuata hayo, ile sentensi ya kwanza, kwa kata moja tu, yaweza kuwa hivi: "TARURA itaweka na kushindilia changarawe yenye unene wa sentimita 15 katika barabara itokayo shule ya msingi hadi sokoni, kilomita 2, na kujenga kalvati 3, kabla ya tarehe 30 Juni." Sentensi hii haina madaha, nayo ni ndefu kuliko ya kwanza. Lakini mtu yeyote mwenye rula na kalenda aweza kuihakiki.

Hitimisho

Lawama hizi hatuwatupii wahandisi na maofisa mipango peke yao. Sisi tulio katika kazi ya lugha tunalo fungu letu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Baraza lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ili istilahi ziwafikie watumiaji. Kazi ile ilikuwa njema, lakini istilahi nyingi ziliishia katika makabati ya ofisi. Tulilitoa neno, tukadhani kwamba kazi imekwisha. Tulifurahia miundombinu kuenea, tukasahau kuuliza kama majina ya vitu vilivyomo ndani yake yanaenea pia. Istilahi ya kazi za umma haijafika mpaka isomeke kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa, na mkazi aweze kuitumia kuuliza swali katika mkutano na kupata jibu la ndiyo au hapana.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa wahandisi, madiwani, watendaji wa kata na wenyeviti wa serikali za mitaa, watuletee maneno wanayoyatumia katika kazi hizi, pamoja na maana zake kama zinavyoeleweka mahali walipo. Pia tunawaomba watusahihishe pale tulipokosea. Mfereji na mtaro vimetupa somo kwamba neno lisilo na utata Dodoma laweza kuwa na utata Unguja, na hilo haliwezi kujulikana kwa kukaa ofisini.